Theluji juu ya changarawe: usikwangue mpaka chini

Kosa kubwa la kutumia mashine ya kurusha theluji kwenye njia ya changarawe ni kutaka njia ibaki safi. Kwenye lami au zege hakuna shida: unakwangua, sakafu inabaki tupu, unarudisha mashine bandani. Kwenye changarawe, ukifika chini umeshaharibu. Kokoto zinaingia kwenye mashine, moja inapaa hadi kioo cha gari, nyingine inakwama na kukata pini inayolinda giaboksi, na zilizobaki utaziokota kwenye majani baridi ikiisha. Kwa hiyo kuna uamuzi mmoja wa kufanya kabla hata hujawasha injini: sentimita 2 au 3 za chini haziguswi. Zinaachwa kwa makusudi, zinashindiliwa, zinaganda, na kuanzia hapo hiyo ndiyo sakafu yako kwa msimu mzima.

Tuanze na mashine yenyewe, maana si kila mashine inaweza kuacha kitu chini. Ile ndogo, ya hatua moja, ina parafujo pana yenye mabapa ya mpira yanayogusa ardhi. Mpira huo ndio unaochota theluji, ndio unaoirusha, na kule kugusa ardhi ndiko kunakoivuta mashine mbele. Ukiiweka juu ya changarawe inachota kokoto kama kijiko kinavyochota sukari. Haifai hapa, na hakuna marekebisho yatakayoifanya ifae.

Inayofaa ni ya hatua mbili. Mbele kuna parafujo ya chuma inayozunguka polepole na kusogeza theluji katikati; nyuma yake kuna feni inayozunguka kwa kasi kubwa zaidi na kuirusha kupitia bomba la juu. Matairi yanaendeshwa na injini, kwa hiyo parafujo haina haja ya kugusa ardhi. Boksi lote la mbele limebebwa na viatu viwili vya kutelezea, kimoja kila upande, na viatu hivyo vinaweza kupandishwa au kushushwa. Kwenye changarawe, viatu hivyo ndivyo vitu muhimu kuliko ukubwa wa injini. Boksi lenye upana wa sentimita 60 hadi 70 linatosha kabisa kwa njia ya gari moja. Lililo pana zaidi linagusa matuta mengi zaidi kwa wakati mmoja, na kwenye njia isiyo sawa hilo ni hasara.

Kurekebisha viatu

Kazi hii inachukua robo saa, na ndiyo inayoamua msimu wako utakuwaje. Tafuta sakafu iliyo sawa, ya zege kama ipo. Anza na matairi: upepo uwe sawa kulia na kushoto, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi moja likiwa laini, boksi zima linainama upande huo na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo.

Chini ya boksi, upande wa nyuma, kuna bapa refu la chuma la kukwangulia. Chini ya bapa hilo ingiza vipande viwili vya mbao vyenye unene wa milimita 25 hadi 30, kimoja kila mwisho. Kwenye lami watu huacha kama milimita 3 tu; hapa tunaacha karibu mara kumi ya hapo, wala si kuzidisha. Sasa legeza nati za viatu. Bolti zake nyingi zina kichwa cha mviringo na shingo ya mraba inayoshikwa na tundu, kwa hiyo spana moja inatosha. Kama zimeshika kutu, zipulizie mafuta ya kulainisha siku moja kabla. Ukilazimisha, shingo itazunguka ndani ya tundu na hutaifungua tena bila kuikata. Viatu vikilegea viache vishuke vyenyewe mpaka sakafuni. Hakikisha unyayo mzima umelala chini, si ncha tu. Kaza, toa mbao, kisha pima kwa rula pande zote mbili. Tofauti ya milimita 5 inatosha kuifanya mashine ivute upande mmoja na kuchimba mfereji mrefu ambao utauona wazi baridi ikiisha.

Viatu vinavyokuja na mashine mara nyingi ni vyembamba. Kwenye changarawe iliyolegea vinazama kama kisigino cha kiatu cha harusi kwenye majani, na vikizama, ule urefu uliopima unapotea. Vilivyo bora ni vipana, vyenye ncha zilizopinda juu mbele na nyuma. Ya nyuma ina kazi yake: utarudi kinyumenyume mara nyingi, na kiatu chenye kisigino kikali kinachimba wakati wa kurudi.

Njia kabla ya theluji

Aina ya changarawe ina maneno yake. Kokoto za mtoni, zile za mviringo, hazishikani. Unaweza kuzishindilia mwaka mzima na bado zitaviringika. Kokoto zilizopondwa, zenye kona kali na zilizochanganyika na vumbi lake, zinafungana zikishindiliwa na kutoa uso mgumu. Kama unaongeza changarawe kabla ya baridi, ongeza hizo. Jaza mashimo na mifereji ya magurudumu, sawazisha, shindilia. Katikati pawe juu kidogo kuliko pembeni ili maji ya theluji inayoyeyuka yatiririke nje badala ya kukaa na kuganda njiani. Jiwe lolote lililochomoza kuzidi sentimita 2 ling'oe, kwa sababu parafujo italipata hata kama wewe umelisahau.

Halafu simika vijiti pembeni ardhi ikiwa bado laini, kila baada ya mita 3 au 4, virefu vya mita moja na ushee, vyenye rangi inayoonekana. Kwenye lami ukipotea unaingia kwenye majani na unasikia mara moja. Kwenye changarawe iliyofunikwa, mpaka kati ya njia na bustani haupo, na mashine italima maua yako bila kubadilisha sauti.

Pita pia kuokota vitu. Mpira wa maji, waya wa umeme, mnyororo wa mbwa, kuni, zulia la mlangoni. Zulia ni baya kuliko jiwe: jiwe linakata pini na mambo yanaisha, lakini zulia linajiviringisha kwenye parafujo na utalikata kwa kisu nusu saa nzima, magoti kwenye baridi.

Theluji ya kwanza haitolewi

Ikianguka sentimita 5 za kwanza, iache mashine bandani. Endesha gari mbele na nyuma, kila mara ukisogeza magurudumu kidogo pembeni, mpaka upana wote uwe umekandamizwa. Theluji yenye unyevu kidogo ndiyo nzuri kwa kazi hii, hasa kama usiku unaofuata utakuwa wa baridi kali: asubuhi unakuta tabaka gumu lililojaza nafasi kati ya kokoto na kuzifunga pamoja. Rudia kwa theluji ya pili kama ni ndogo. Tabaka la sentimita 3 lililoganda vizuri linabeba mashine bila taabu, na hapo unaweza kushusha boksi kiasi, hadi kama milimita 15, ili usiache theluji nyingi juu yake.

Shida ni pale ambapo theluji ya kwanza ni ya sentimita 25 na ardhi bado haijaganda. Hali hii ndiyo mbaya kuliko zote, na mashine nyingi huumia siku hiyo. Pandisha boksi mpaka mwisho wa viatu, nenda kwa gia ya chini kabisa, na ukubali kubaki na sentimita 4 au 5. Gari litaikandamiza. Atakayepita na kucheka kwamba hujamaliza kazi, mwache apite.

Kuendesha

Washa nje, kamwe usiwashe ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika mbili. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua. Mafuta jaza injini ikiwa imepoa. Ikishika, iache ipate joto kidogo, kisha sukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho. Hapa wengi hukosea kwa nia njema: wanapunguza kasi ya injini wakidhani mawe hayatarushwa mbali. Kasi ya injini ikishuka, feni inashindwa kusukuma theluji, bomba linaziba, na unaongeza hatari ya kuingiza mkono mahali pasipostahili mkono. Injini iwe kwenye kasi kamili. Kinachopunguzwa ni mwendo wa matairi.

Umbali wa kurusha unaudhibiti kwa kifuniko cha mdomo wa bomba. Kiinamishe, ili theluji itoke kwa pembe ya chini na kuangukia karibu. Kokoto ya ukubwa wa kucha ya kidole gumba ikitoka kwenye feni ina nguvu ya kuvunja dirisha, na ikitoka na mdomo uliofunguliwa juu hujui itatua wapi. Elekeza bomba mbali na nyumba, magari, barabara na watu. Watoto na mbwa wakae ndani kabisa, si "pale pembeni". Miwani ya kinga na vizuia sauti vya masikio ni vya lazima.

Mikono ishike vishikio kwa kukandamiza kidogo sana kuelekea chini, kiasi cha kuipa pua ya mashine wepesi. Ukikandamiza sana inapanda juu ya theluji na kuacha matuta. Ukiinua vishikio, bapa linazama kwenye kokoto. Na sikiliza. Theluji inapita kwenye bomba kwa sauti nzito, ya kuvuma. Ukisikia mlio mkavu wa chuma, mmoja mmoja, hiyo ni kokoto moja moja na unaweza kuendelea kwa tahadhari. Ukisikia kama mtu anamwaga misumari kwenye ndoo, simama, pandisha boksi nusu sentimita, ndipo uendelee.

Upepo upe mgongo. Anza upande upepo unakotoka na urushe kuelekea unakokwenda, la sivyo utaisafisha njia ile ile mara mbili na nyusi zako zitakuwa nyeupe. Kama hakuna upepo na njia ni nyembamba, anzia katikati na urushe nusu kulia, nusu kushoto. Kila mpito upite kidogo juu ya ule uliotangulia, kama sentimita 10. Mwanzoni mwa msimu rusha mbali kuliko unavyohitaji na panua njia kuliko upana wa gari, kwa sababu kuta za pembeni zinakua kila wiki na mwezi wa pili utakuwa huna pa kurushia. Kwenye mteremko panda na kushuka nao; ukiukata kwa ubavu, mashine inateleza na kiatu cha upande wa chini kinachimba.

Na usingoje theluji irundikane. Watu hudharau uzito wake kwa sababu ikianguka haina kishindo. Njia ya mita 30 kwa 3 iliyofunikwa sentimita 20 ina meta za ujazo 18. Theluji mpya na kavu ina kama kilo 100 kwa kila meta ya ujazo. Hizo ni tani 1.8. Ikilowa inaweza kufika kilo 300, na njia ile ile inakuwa na tani 5.4. Kwenye changarawe nafuu iko katikati: ikiwa chini ya sentimita 5 kandamiza au tumia sepetu la kusukumia, ikifika 10 hadi 15 toa mashine, na kama inaanguka usiku kucha, ni bora kutoka mara mbili.

Kokoto ikikwama

Kuna dalili mbili tofauti, na ni vyema usizichanganye. Ya kwanza: upande mmoja wa parafujo umesimama huku mwingine unazunguka. Pini imekatika. Hiyo si hitilafu, ndiyo kazi yake: pini ni ya chuma laini na imewekwa iwe kafara, ife yenyewe ili giaboksi ipone. Zima, ondoa jiwe, gonga vipande vya pini vitoke, linganisha matundu, weka mpya. Pini mbili au tatu zikae mfukoni au zifungwe kwenye kishikio msimu wote. Kuweka bolti ya kawaida ya dukani "kwa leo tu" ndiyo njia ya haraka ya kununua giaboksi, kwa sababu bolti ngumu haikatiki na meno ya gia ndiyo yanayokatika badala yake. Kuna mtego mwingine usioonekana. Parafujo ikishika kutu kwenye shafti yake, pini haina maana tena, maana vyote vimekuwa kitu kimoja. Kila mwaka toa pini, sukuma grisi kwenye nipo (kile kitundu cha kuingizia grisi), zungusha parafujo kwa mkono mpaka izunguke bila kushikwa, kisha rudisha pini.

Dalili ya pili: injini inazimika ghafla, au mkanda unapiga kelele na unasikia harufu ya mpira unaoungua. Jiwe limebanwa kati ya feni na ganda lake. Achia klachi, kile kishikio kinachozungusha parafujo na feni, mara moja. Mkanda ukiungua dakika moja zaidi utabadilisha mkanda pia. Zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi, subiri kila kitu kisimame. Halafu tumia kile kijiti cha plastiki kilichofungwa juu ya boksi, au mpini wa ufagio. Si mkono, hata kama injini imezimwa. Feni iliyobanwa inaweza kuwa na nguvu ya mkanda bado ndani yake, kama upinde uliovutwa, na jiwe likitoka tu inaruka robo mzunguko. Robo inatosha kuondoka na vidole. Jiwe likishatoka, zungusha feni taratibu kwa kijiti hicho na uangalie kama mabawa yanakwaruza ganda. Bawa lililopinda litatikisa mashine yote mpaka nati zianze kulegea.

Lile tuta la barabarani

Gari la kuondoa theluji likipita barabarani linaacha tuta mdomoni mwa njia yako, na tuta hilo ni kitu kingine kabisa: limeshindiliwa, limelowa, na lina mabonge ya barafu na mawe ya barabarani. Lichukue mapema, kabla halijaganda. Usiingize upana wote wa boksi. Ingiza nusu, kwa gia ya chini kabisa, na mabonge makubwa yavunje kwa sepetu kwanza. Theluji yake usiirudishe barabarani, ni hatari kwa magari na sehemu nyingi sheria inakataza. Ujanja mdogo unaosaidia: safisha mfuko wa mita chache kando ya barabara, upande ule gari la theluji linakotokea. Likipita tena, bapa lake litamwaga mzigo kwenye mfuko huo kabla ya kufika kwako.

Theluji iliyolowa inaziba bomba hata kama huna kokoto. Pulizia silikoni ndani ya bomba na kwenye feni kabla ya kutoka, chukua upana mdogo, na usisimame katikati ya kazi, kwa sababu inashika pale inapotulia.

Siku za kuyeyuka

Katikati ya msimu joto linapanda juu ya sifuri siku mbili tatu na sakafu yako inakuwa rojorojo. Jambo la kwanza ni kuacha kutumia mashine. Uso umelegea na kokoto ziko huru kama mwanzo. Jambo la pili ni magari. Kila yanapopita yanakata mifereji, na usiku ikiganda tena, mifereji hiyo inakuwa reli ambazo zitakutikisa mpaka mwisho wa baridi. Sawazisha rojo kwa reki au sepetu jioni, kabla ya baridi ya usiku. Theluji mpya ikianguka juu yake, rudisha boksi kwenye milimita 30 mpaka ujue sakafu imeshika tena.

Chumvi siishauri hapa. Ya kawaida hupoteza nguvu baridi ikishuka karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, lakini hata inapofanya kazi inafanya kazi isiyotakiwa: inatoboa lile tabaka ulilolijenga kwa wiki nzima, na maji yake yanashuka kulainisha vumbi linaloshika kokoto. Barafu ikiteleza, mwaga mchanga mkavu wa chenga kubwa. Ukipigwa na jua kidogo unazama wenyewe kwenye barafu, unaganda hapo, na mashine ikipita haiubebi.

Barafu yote ikishaondoka, kokoto zilizorushwa ziko pembeni juu ya majani, na wakati wa kuzirudisha ni kabla majani hayajaota na kuzimeza. Reki yenye meno yanayonyumbulika inazivuta bila kung'oa mizizi. Mashine nayo ipate oili mpya, petroli itolewe kwenye tangi na injini iachwe izimike yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Petroli ya mwaka jana ndiyo sababu ya kawaida ya mashine kukataa kuwaka siku ya theluji ya kwanza. Geuza viatu uangalie unyayo. Vingi vinaweza kupinduliwa na kutumika upande wa pili, lakini kama pande zote mbili zimelika mpaka karibu na tundu za bolti, agiza vipya sasa, wakati bado hakuna anayevitafuta.